Utafiti na kazi za jamii ukiwa shahada ya kwanza: mwongozo kamili, kuanzia barua ya kwanza hadi makabidhiano

Nafasi nyingi za utafiti kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza hazibandikwi kwenye ubao wa matangazo. Hupatikana kwa kuulizia. Mhadhiri ana data ya miaka mitatu iliyolala kwenye kompyuta kwa kukosa mtu wa kuisafisha. Asasi fulani ina madodoso yamejaa kabati na hakuna anayejua kuyachambua. Mwanafunzi wa uzamivu ana saa arobaini za mahojiano yaliyorekodiwa na bado hajaandika hata dakika kumi. Wote hao wanahitaji mtu, ila hawajakaa chini kuandika tangazo. Upande wa pili yupo mwanafunzi mwenye muda na hamu, anasubiri tangazo hilo hilo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake.

Wazo la kumshirikisha mwanafunzi mapema si jipya. Mwaka 1969, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Margaret MacVicar alianzisha programu ya UROP, ambayo iliwaruhusu wanafunzi wa shahada ya kwanza kufanya kazi bega kwa bega na walimu kwenye utafiti unaoendelea, kwa malipo au kwa alama za masomo. Vyuo vingi viliiga baadaye, kila kimoja kwa jina lake. Kama chuo chako hakina programu yenye jina, usivunjike moyo. Kinachohitajika ni mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja na kazi moja inayoeleweka, na hivyo vipo karibu kila idara.

Hatua ya 1: Amua unatafuta kitu gani

"Nataka kufanya utafiti" ni sentensi isiyomsaidia mtu yeyote kukusaidia. Kuna njia kadhaa, na hazifanani kwa uzito.

Ya kwanza ni kuwa msaidizi kwenye mradi wa mwalimu: unapewa kipande cha kazi, unakifanya, unakirudisha. Ya pili ni mradi wako mwenyewe, ambao kwa wengi ndio tasnifu ya mwaka wa mwisho. Ya tatu ni mafunzo ya likizo, ambapo unakaa kwenye maabara au taasisi kwa wiki nane au kumi, mara nyingine nje ya chuo chako. Ya nne ni kazi na jamii, na hii ina sura nyingi: kuna kozi zinazokupa alama kwa kazi unayofanya na kikundi nje ya chuo, kuna kujitolea kwa kawaida, na kuna utafiti shirikishi, ambapo wanajamii wenyewe wanachangia kuunda swali na kukusanya majibu.

Ukiniuliza mimi, anza na usaidizi, hata kama una wazo lako zuri. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayejitosa moja kwa moja kwenye mradi wake hutumia nusu mwaka kugundua mambo ambayo angejifunza kwa wiki tatu akimtazama mtu mwingine akifanya. Wazo lako halitaoza. Liandike, liweke, utalirudia ukiwa unajua dodoso zuri linafananaje.

Na usitenganishe utafiti na huduma kwa jamii kana kwamba kimoja ni cha maabara na kingine ni cha Jumamosi. Baadhi ya kazi bora za wanafunzi zimetoka pale swali la watu lilipokutana na kipimo cha chuo. Nitaeleza mfano mmoja mbele.

Hatua ya 2: Tafuta mtu kabla ya kutafuta mada

Fungua ukurasa wa idara yako na orodhesha wahadhiri watano au sita wanaogusa mambo yanayokuvutia. Kwa kila mmoja, tafuta machapisho yake mawili ya karibuni. Huhitaji kuelewa kila kitu. Soma ikisiri, soma sehemu inayoeleza mbinu, kisha ruka hadi aya za mwisho ambako waandishi husema nini kimebaki bila kujibiwa. Hapo ndipo kazi ya mwaka ujao ilipojificha.

Halafu soma sehemu ambayo wengi huipita: shukrani. Ukiona mwandishi anawashukuru wanafunzi kwa kukusanya data au kuandaa sampuli, umepata mtu aliyezoea kuwapokea wanafunzi. Ukiona majina ya wanafunzi kwenye orodha ya waandishi wenyewe, ni vizuri zaidi.

Kisha zungumza na wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaosimamiwa na mtu huyo. Wao ndio wanaojua kama anajibu barua pepe, kama anasoma kazi kwa wakati, kama anawaheshimu wasaidizi wake. Msimamizi mwenye sifa kubwa asiyepatikana ana manufaa kidogo kwa mtu anayeanza. Mhadhiri kijana mwenye mradi mdogo na nafasi kwenye ratiba anaweza kukufundisha mengi zaidi.

Kwa upande wa jamii, kanuni ni ile ile. Anza na ofisi ya chuo inayoshughulikia uhusiano na jamii, kama ipo, kisha vikundi ambavyo tayari vina kazi inayoendelea. Kujiunga na kazi ya watu wengine ni bora kuliko kuanzisha asasi mpya itakayokufa siku utakapohitimu.

Hatua ya 3: Andika barua fupi inayojibika

Mhadhiri anayepokea barua pepe thelathini kwa siku hatasoma historia ya maisha yako. Hata ile sentensi ya "nimekuwa na shauku ya sayansi tangu utotoni" ifute. Barua inayofanya kazi inafanana na hii:

"Kwako Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, shahada ya sayansi ya mazingira. Nimesoma makala yenu ya mwaka jana kuhusu ubora wa maji ya visima. Mmeeleza kwamba sampuli zilichukuliwa msimu wa mvua tu, nikajiuliza kama kuna mpango wa kupima kiangazi. Nimemaliza kozi ya takwimu na ninaweza kutumia programu ya R kwa mambo ya msingi. Nina saa sita kwa wiki kuanzia mwezi ujao hadi mwisho wa semista. Kama kuna kazi ndogo, hata ya kuingiza au kusafisha data, ningependa kuifanya. Naweza kufika ofisini kwenu siku na saa mtakayonipangia. Nimeambatanisha wasifu wa ukurasa mmoja. Ahsante."

Angalia kilichomo. Kuna ushahidi kwamba umesoma, kuna ujuzi mmoja unaoweza kuthibitishwa, kuna idadi ya saa, na kuna ombi ambalo mtu anaweza kulijibu kwa ndiyo au hapana. Hakuna sifa za kumpamba mwalimu. Usitume barua moja kwa watu kumi kwa kubadilisha jina tu. Wahadhiri wa idara moja huzungumza, na barua ya aina hiyo hujulikana kwa kuitazama.

Usipojibiwa kwa siku kumi, kumbusha mara moja kwa mistari miwili. Ukinyamaziwa tena, nenda saa za kuonana na wanafunzi au hamia kwa jina linalofuata kwenye orodha. Ukimya mara nyingi hauna uhusiano wowote na wewe.

Hatua ya 4: Kikao cha kwanza, na maswali ambayo watu huona haya kuuliza

Ukiitwa, nenda na daftari. Kabla hujatoka ofisini, hakikisha mmeelewana kuhusu mambo haya: utafanya saa ngapi kwa wiki, kitu gani hasa unatakiwa kukabidhi na lini, nani utamwuliza ukikwama kila siku (mara nyingi si mhadhiri mwenyewe), na kama kuna malipo, posho au alama za masomo.

Hilo la malipo uliza bila kuzungukazunguka. Kujitolea kwa wiki chache ili kujifunza ni sawa. Kufanya kazi ya mtu mzima kwa mwaka mzima bila senti wala alama ni jambo jingine, na humfungia mlango mwanafunzi asiye na wa kumtunza. Uliza pia nauli ya kwenda eneo la utafiti italipwa na nani.

Halafu kuna suala la jina. Majarida mengi ya tiba hufuata vigezo vya kamati ya kimataifa ya wahariri inayojulikana kama ICMJE: mwandishi ni yule aliyechangia kwa kiasi kikubwa kwenye kazi yenyewe, akashiriki kuandika au kurekebisha andiko, akaidhinisha toleo la mwisho, na akakubali kuwajibika kwa yaliyomo. Kuingiza data peke yake kwa kawaida hakukufanyi mwandishi. Kutakupa nafasi kwenye shukrani. Majarida mengi pia hutumia mfumo wa CRediT wenye majukumu 14, ambapo kila mtu huandikwa alichofanya: nani alibuni mbinu, nani alisimamia data, nani aliandika rasimu. Ukiijua mifumo hii mapema, utauliza swali la kistaarabu: "Nikitaka jina langu liwe kwenye orodha ya waandishi, nichangie nini zaidi?" Kuuliza mwanzoni hakumkeri mtu. Kuuliza makala ikiwa tayari imetumwa kwenye jarida huleta ugomvi.

Hatua ya 5: Fanya kazi ndogo mpaka iishe

Kazi ya kwanza haitakuwa ya kusisimua, na inafaa iwe hivyo. Tuseme umepewa jedwali la majibu ya watu mia nne. Safu ya jinsia ina "Me", "me", "M", "mwanaume" na nafasi tupu. Safu ya umri ina 17, 71, 171. Huyo wa 171 ni nani? Pengine ni 17 iliyobonyezwa moja la ziada, pengine ni 71 iliyotanguliwa na moja la bahati mbaya. Hujui, na kwa kuwa hujui, huruhusiwi kukisia. Unarudi kwenye dodoso la karatasi. Kama halipo, unaacha nafasi ya umri ikiwa tupu na kuandika sababu.

Mazoea machache yatakayokutofautisha na wengine wote:

Usiguse kamwe faili la awali. Tengeneza nakala, fanya kazi kwenye nakala, na la awali lifunge lisiweze kuhaririwa.

Andika kila uamuzi kwenye daftari lenye tarehe: nini umebadilisha, wapi, kwa nini. Daftari la maabara au la uwandani linatakiwa limwezeshe mtu asiyekujua kurudia ulichofanya.

Majina ya mafaili yawe na tarehe na toleo. Faili linaloitwa "mwisho_kabisa_sasa_kweli" ni kilio cha msaada.

Tumia programu ya kutunza marejeo tangu siku ya kwanza. Zotero ni ya bure na inatosha.

Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Kosa lililotajwa mapema hurekebishwa kwa saa moja. Lililofichwa hugunduliwa wakati wa uchambuzi na kubomoa kazi ya miezi.

Wasimamizi wanakumbuka mtu anayemaliza. Mwanafunzi mwenye akili nyingi anayepotea wiki ya mitihani bila taarifa hapewi kazi ya pili. Kama ratiba imekubana, tuma mistari miwili kabla ya siku ya kukabidhi.

Hatua ya 6: Nenda kwa jamii ukiwa na masikio

Mfano niliouahidi ni wa mji wa Flint, jimbo la Michigan, Marekani. Aprili 2014 mji huo ulibadilisha chanzo cha maji na kuanza kutumia mto wa Flint. Maji hayo hayakuwekewa dawa ya kuzuia kutu, yakaanza kula mabomba, na madini ya risasi (lead) yakaingia kwenye maji ya kunywa. Wakazi walilalamika kuhusu rangi, harufu na vipele vya ngozi. Wakaambiwa maji ni salama. Mama mmoja mkazi wa mji, LeeAnne Walters, hakukubali jibu hilo, na njia ya kutafuta ukweli ikamfikisha kwa Marc Edwards, profesa wa chuo kikuu cha Virginia Tech.

Agosti 2015, timu ya Edwards, iliyojaa wanafunzi wakiwemo wa shahada ya kwanza, ilituma Flint vifurushi 300 vya kuchukulia sampuli. Wakazi ndio waliovisambaza nyumba kwa nyumba. Kila kaya ilijaza chupa tatu kutoka bomba moja: ya kwanza mara tu bomba linapofunguliwa baada ya maji kutulia kwa saa zisizopungua sita, ya pili baada ya sekunde 45, ya tatu baada ya dakika mbili. Tofauti kati ya chupa hizo husaidia kuonyesha risasi inatokea wapi, kwenye bomba la ndani au lile linaloleta maji kutoka barabarani. Vifurushi zaidi ya 250 vilirudi, kiwango ambacho mtafiti yeyote wa madodoso angekitamani. Oktoba mwaka huo mji ulirudi kwenye chanzo cha zamani.

Wanafunzi hawakwenda Flint kuwafundisha watu kwamba wana tatizo. Watu walikuwa wanalijua. Walichokosa ni kipimo ambacho ofisi isingeweza kukipuuza. Swali lilikuwa la wakazi, na sehemu kubwa ya kazi ya mikono ilikuwa ya wakazi. Chuo kilileta chupa, mashine na maelekezo yaliyoandikwa vizuri kiasi cha mtu yeyote kuyafuata jikoni kwake.

Kwa hiyo, kabla ya kubuni chochote, kaa vikao viwili au vitatu ukisikiliza tu. Uliza: ni jambo gani mmelilalamikia na hamjajibiwa? Nani ameshakuja hapa kuuliza maswali, na majibu yake mliyaona? Swali la pili ndilo hufungua mazungumzo. Sehemu nyingi zilizo karibu na vyuo zimechoshwa na watafiti wanaokuja kila mwaka na dodoso jipya na hawaonekani tena. Ukiambiwa "wenzenu walishapita", usijitetee. Omba kuona kama ripoti yao inapatikana, kisha iletee jamii kabla hujauliza swali lako la kwanza. Sijui njia nyepesi zaidi ya kujenga imani.

Kalenda nayo ni mtihani. Semista ina wiki kumi na tano. Matatizo ya watu hayafungi chuo. Chagua kipande kinachoweza kukamilika ndani ya muda ulio nao, kwa mfano kuhesabu, kuchora ramani, kupima mara moja, kutafsiri kipeperushi, na useme wazi tarehe utakayoondoka na nani atabaki. Usiahidi mabadiliko. Ahidi taarifa, na siku ya kuileta.

Jambo jingine: pita kwenye mlango sahihi. Kila mahali pana viongozi, rasmi na wasio rasmi, na kuwaruka ni kujifungia. Lakini ruhusa ya kiongozi si ridhaa ya mtu mmoja mmoja. Ukishapewa baraka za juu, bado kila unayemhoji ana haki ya kukataa bila kueleza sababu.

Hatua ya 7: Kibali cha maadili kinakuja kabla ya data

Hapa hakuna njia ya mkato. Kama utafiti wako unahusu watu, iwe kwa dodoso, mahojiano au rekodi zao, uliza kamati ya maadili ya chuo kabla ya kumwuliza mtu yeyote swali. Kibali kwa kawaida hakitolewi kwa data iliyokwisha kukusanywa.

Sababu zake zina historia ya uchungu. Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee nchini Marekani, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwaeleza ugonjwa wao na bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kuwa tiba ya kawaida. Habari ilipofichuka, tume iliundwa, na mwaka 1979 ikatoka Ripoti ya Belmont yenye misingi mitatu: kuheshimu watu, kuwatendea mema na kuepusha madhara, na haki katika kugawa mizigo na manufaa ya utafiti. Fomu nyingi za ridhaa unazoziona leo zimejengwa juu ya misingi hiyo.

Kwa vitendo: fomu ya ridhaa iwe katika lugha anayoizungumza mhojiwa, iseme utafiti ni wa nini, utachukua muda gani, na kwamba anaweza kuacha katikati. Majina yatunzwe kwenye faili tofauti na majibu, kila mtu apewe namba. Picha za watoto na wagonjwa usipige kwa ajili ya mtandao, hata kama zinapendeza. Na kumbuka kamati hukaa kwa ratiba yake. Wasilisha ombi miezi miwili au zaidi kabla ya siku unayotaka kuanza.

Hatua ya 8: Eleza ulichokipata

Vyuo vingi vina siku ya wanafunzi kuonyesha tafiti kwa mabango. Jaza fomu. Bango zuri lina swali moja, picha au grafu moja kubwa, na maneno machache kuliko unavyodhani. Fanya mazoezi ya kulieleza kwa dakika mbili mbele ya mtu wa fani nyingine kabisa.

Kama kazi ilifanywa na jamii, wao wapate matokeo kwanza, kabla ya bango. Ukurasa mmoja, lugha yao, na muda wa maswali. Watakusahihisha, na mara nyingi watakuwa sahihi.

Kuhusu kuchapisha, usikimbilie. Ukipokea barua pepe ya jarida usilolijua inayokusifu na kukuahidi kuchapisha kwa wiki moja ukilipa ada, ifute. Muulize msimamizi au mkutubi kabla ya kutuma andiko popote.

Hatua ya 9: Ondoka vizuri

Wiki tatu kabla ya kumaliza, anza kukabidhi. Folda iwe na data ya awali, data iliyosafishwa, maelezo ya kila safu, daftari lako, na ukurasa mmoja unaosema kazi imefika wapi na nini kinafuata. Futa nakala za data za watu zilizobaki kwenye simu na kompyuta yako, kama makubaliano yanavyotaka. Waambie wanajamii nani watampigia baada yako, na wakutanishe uso kwa uso, isiwe kwa ujumbe wa simu.

Barua ya mapendekezo iombe sasa, wakati msimamizi bado anakumbuka ulichofanya. Mpe muda wa kutosha, mwambatanishie wasifu wako na orodha fupi ya vitu ulivyokabidhi pamoja na tarehe, kisha mkumbushe siku tano kabla ya mwisho wa kupokea maombi.